Kuku wa nyama Mombasa: chakula kisipotelee kwenye joto

Mfugaji akiona kuku hawakui, swali lake la kwanza huwa la gunia: nihamie chakula cha kampuni gani? Mara nyingi gunia halina kosa. Katika kila shilingi 100 unayotumia kwa kuku wa nyama, 60 hadi 70 huenda kwenye chakula, na hapa kwetu kingi hupotelea kwenye joto na maji mabaya kabla hakijawa nyama.

Hatua ya 1: Pima
Bila mizani ni kubahatisha tu. Chukua kilo za chakula walichokula, gawa kwa kilo walizoongeza. Tuseme kuku 100 wamekula kilo 340 na sasa wana kilo 200 kwa jumla. Walipokuja walikuwa na gramu 40 kila mmoja, yaani kilo 4, kwa hiyo wameongeza 196. Gawa 340 kwa 196 upate 1.73. Kwa banda la wazi la pwani, hapo hujambo. Ukipata 2 na zaidi, tafuta panapovuja.

Hatua ya 2: Siku ya kwanza
Kifaranga anataka joto la nyuzi 32 hadi 34, hata Mombasa, hasa usiku wa masika. Mpe maji kwanza, kisha chakula juu ya karatasi. Kesho yake shika vifaranga 20, mmoja mmoja, upapase gole, kile kifuko cha chakula chini ya shingo, kwa kidole. Likiwa limejaa na laini kama uji mzito, amekula na kunywa. Likiwa gumu, amekosa maji. Likiwa tupu, hajakiona chakula, basi sogeza taa au ongeza karatasi. Wanaofaa wawe 19 kwa uchache. Siku ya saba wapime: aliyeanza na gramu 40 awe na 160 au zaidi.

Hatua ya 3: Saa za kula
Hapa ndipo pesa zilipo. Kuku hatoki jasho, hujipoza kwa kuhema. Tena kusaga chakula kwenyewe kunazalisha joto mwilini, na joto hilo hupanda saa chache baada ya kula. Aliyejaza gole saa tano asubuhi, ikifika saa nane ana moto wa nje na wa ndani. Ndiyo maana hufa wale wanono.

Basi kuanzia wiki ya nne, hasa miezi ya kaskazi, Januari hadi Machi, weka chakula saa kumi na moja alfajiri, kiinue saa nne, kirudishe saa kumi jioni na uwashe taa hadi saa nne usiku. Vyombo viwe vya kutosha, maana jioni watavamia.

Maji hayaondolewi hata dakika moja. Kuku hunywa karibu maradufu ya uzito wa anachokula, na jua likikaza hunywa zaidi. Lakini tangi jeusi juu ya bati linatoa maji ya moto. Hayanyweki, na asiyekunywa hali. Lifunike kwa makuti, na saa saba mchana mwaga yaliyomo vyomboni uweke mengine.

Kuna wanaomwagia maji sakafuni ili kupoza banda. Mimi sikushauri. Hewa yetu tayari imejaa unyevu. Ukiongeza, kuhema hakumsaidii tena. Tafuta upepo: urefu wa banda uelekee mashariki na magharibi ili jua lisiingie ubavuni, ukuta uwe mfupi, juu waya, na kuku 8 kwa mita ya mraba badala ya 10.

Hatua ya 4: Vyombo na ghala
Ukingo wa chombo uwe usawa wa mgongo wa kuku, nacho kijazwe theluthi tu. Kikijaa wanakwangua chini. Kutoka stata (chakula cha kuanzia) kwenda finisha (cha kumalizia), changanya kwa siku tatu. Magunia yakae juu ya mbao, mbali na ukuta, ya wiki mbili basi. Chakula kilichoota ukungu ni cha kutupa. Kukianika juani hakuondoi sumu ya aflatoksini.

Maswali ya wafugaji

Kisauni: Assalaam aleikum mwalimu. Kisima changu kina chumvi na maranda ya sakafuni hayakauki. Ni ugonjwa?
Waaleikum salaam. Anza na maji kabla ya dawa. Chumvi humfanya kuku anywe mno na kuharisha maji. Wape vifaranga maji matamu wiki mbili za mwanzo, au ya mvua, halafu uchanganye nusu kwa nusu. Wala usiwaongezee zile dawa za chumvichumvi za madukani. Ukiona damu kwenye kinyesi, hilo ni jambo jingine: mwite daktari wa mifugo.

Likoni: Nikitia mashudu ya nazi nitapunguza gharama?
Kwenye stata usitie kabisa. Kwenye finisha yasizidi kilo 10 katika 100. Yana nyuzinyuzi nyingi na protini yake ina upungufu wa laisini, kijenzi cha protini ambacho kuku hukihitaji akue, kwa hiyo ukizidisha gunia litashuka bei na kuku atashuka uzito.

Changamwe: Na dagaa je, kaka?
Wazuri, ila wengi hukaushwa mchangani. Tia kiganja kimoja kwenye glasi ya maji, ukoroge, uone kinachotuama. Huo mchanga umeulipia kwa kilo. Na waondoe wiki mbili kabla ya kuchinja, nyama isinuke samaki.

Bamburi: Mteja wangu wa hoteli huniambia ningoje wiki moja zaidi. Napata hasara?
Gawa chakula cha wiki hiyo kwa kilo zilizoongezeka wiki hiyo hiyo, zidisha kwa bei ya kilo ya chakula. Jibu likikaribia bei unayouzia kilo ya kuku, unamfugia yeye bure. Mwambie alipie chakula cha kungoja, au wachinje uwaweke kwenye friza.