Uji Kabla ya Vidonge: Kuandaa Siku ya Kingatiba katika Shule za Mwambao wa Kigoma

Mwalimu wa afya anayearifiwa kwamba shule yake itagawa kingatiba ya kichocho na minyoo aanze kwa kuuliza uji utapikwa na nani. Prazikwanteli, yaani dawa ya kichocho, ikimezwa na mtoto mwenye njaa humletea kwa urahisi kichefuchefu, kizunguzungu na maumivu ya tumbo. Katika shule moja niliyofundisha zamani, kuni mbichi zilichelewesha uji nasi tukagawa dawa hivyo hivyo. Wanafunzi watatu wakatapika mbele ya wenzao, na kabla ya saa sita wazazi walikuwa wamejaa uwanjani wakidai watoto wao wamelishwa sumu.

Wazazi waitwe wiki moja kabla, mhudumu wa zahanati akiwapo, waelezwe kwamba vimelea vya kichocho hutoka kwa konokono wa majini na kupenya ngozi ya anayeoga, kufua au kuchota maji ziwani, hata maji yawe maangavu namna gani. Swali la dawa kuharibu uzazi halikosekani. Lijibiwe na mhudumu, si mwalimu.

Siku yenyewe, fimbo ya kupimia kimo isimamishwe penye sakafu tambarare na kila mtoto avue viatu, kwa sababu dozi ya prazikwanteli hufuata urefu: mwenye sentimita 110 hadi 125 humeza kidonge kimoja na nusu, na anayezidi hapo hadi 138 humeza viwili. Albendazo ya minyoo ni kidonge kimoja cha miligramu 400, nacho hutafunwa. Mwenye homa asipewe, apelekwe zahanati. Kwa kuwa prazikwanteli ni chungu, wapo wanaoificha shavuni. Mwambie mtoto ataje jina lake na la baba yake kwa sauti kabla ya kuwekewa alama katika daftari, utaisikia dawa mdomoni.

Prazikwanteli haimkingi mtoto atakayerudi ziwani jioni, wala haiwamalizi vimelea wachanga, kwa hiyo vyoo vya shule vitumike ili mayai yasifike majini. Kwa minyoo, kibuyu chirizi cha kunawia mikono husaidia: dumu la lita tano lililotobolewa, kamba, kijiti cha kukanyagia na kipande cha sabuni kilichoning'inizwa. Wapangwe wanafunzi wa zamu wa kulijaza kila asubuhi, na mwalimu wa zamu alikague kabla ya kengele ya mapumziko.