Kabla ya Kuchana Ukuta wa Povu Kupitisha Nyaya za Umeme

Ukuta wa matofali ya povu yanayomwagiwa zege katikati hukatika kirahisi mno, na urahisi huo ndio unaowaponza wanaojijengea wenyewe. Kisu huingia ukutani kabla mchoro wa umeme haujakamilika.

Kwanza, usichane chochote kabla zege halijamwagwa na kukauka. Povu ndilo linaloshikilia zege bichi, na likipunguzwa unene sehemu moja tu, ukuta unaweza kutumbuka palepale. Kinachotakiwa kuwekwa mapema ni vipande vya paipu vinavyovuka ukuta mzima: njia ya waya mkuu, taa za nje, kengele, kiyoyozi. Vilaze vikiinama kidogo kuelekea nje ili maji ya mvua yasiingie ndani. Ukisahau kimoja, utalazimika kutoboa zege lenye nondo.

Suala la nyaya ndilo zito kuliko yote. Ganda la waya wa kawaida ni PVC laini, na ulaini wake unatokana na mafuta yaliyochanganywa humo. Waya ukigusana na povu la polistarini, mafuta hayo huhama taratibu: ganda linakakamaa na hatimaye kupasuka, na povu linalolizunguka linalainika na kubonyea. Haionekani mwaka wa kwanza, ndiyo maana wengi huipuuza. Pitisha nyaya zote ndani ya paipu ngumu ya PVC, ambayo haina mafuta hayo. Paipu ya mm 20 inatosha kwa njia nyingi. Nyaya zikiwa nyingi tumia ya mm 25. Faida nyingine ni kwamba waya ukiharibika utauvuta na kuingiza mwingine bila kubomoa.

Povu pia huzuia joto la waya lisitoke. Kwa jedwali za BS 7671 (kanuni za Uingereza za ufungaji umeme), waya bapa wa 2.5 mm² uliobanwa juu ya ukuta hubeba ampea 27, lakini ukizungukwa kabisa na kizuia joto hubaki na 13.5 tu. Kwa hiyo ukubwa wa waya na wa sakiti breka upangwe kwa hesabu hiyo, hasa kwa jiko na hita ya maji. Mkabidhi fundi umeme mwenye leseni hesabu hii kabla hujanunua roli hata moja.

Mfereji unaochanwa kwenye povu uwe mwembamba kidogo kuliko paipu ili povu liibane lenyewe, na uwe wa kina hadi paipu iguse zege. Povu la mm 65 likipokea paipu ya mm 20 kwa namna hiyo, mbele hubaki mm 45, mbali na ncha za skrubu za bodi za jipsamu zinazofunika ukuta. Zege nalo hupokea sehemu ya joto. Shusha njia wima kutoka darini, katikati ya viunganishi vya plastiki vilivyomo ndani ya povu. Njia ya mlalo huvikata, na viunganishi hivyo ndivyo vinavyoshikilia skrubu za bodi.

Boksi la soketi lifungwe kwenye zege kwa skrubu na plagi, kamwe si kwenye povu, la sivyo litang'oka siku mtu atakapochomoa pasi kwa nguvu. Mdomo wake utokeze mbele ya povu kwa unene wa bodi, kwa kawaida mm 12.5.

Kisu cha moto hukata safi kuliko vyote, ila moshi wake una styrene, kemikali yenye madhara: fungua madirisha, vaa barakoa ya mvuke, na usikiwashe karibu na kopo la povu la kupuliza, kwa maana gesi yake hushika moto. Msumeno wa mnyororo wenye kizuizi cha kina ni wa haraka, lakini punje hunata kila mahali, hivyo vakyumu iwe karibu.

Kujaza mapengo, chagua povu la kupuliza lisilovimba sana. Gundi yenye petroli au asetoni hula polistarini papo hapo. Kabla ya bodi, piga picha kila ukuta ukiwa na tepu ya kupimia imelazwa pembeni ya mifereji, kisha pima insulesheni (uwezo wa ganda la nyaya kuzuia umeme usivuje) kwa volti 500. Saketi inayosoma chini ya megaohmu 1 isifunikwe hadi kosa lipatikane.