Kifua kikibana usiku msingoje kukuche

Baba mdogo alisema ni gesi. Saa tano usiku kifua kinambana kama amekaliwa na mtu, jasho linamtoka mpaka singlendi imelowa na feni iko mwisho, sisi tunamchemshia tangawizi, akasema jamani nitaenda hospitali asubuhi. Asubuhi hakuifikia. Ndo maana naandika haya, majumbani bado kila kitu tunakiita gesi.

Dalili zenyewe za mshtuko wa moyo (heart attack, mshipa wa moyo umeziba): kifua kubana au kuwa kizito kwa dakika kadhaa hata ukipumzika, maumivu kupanda begani, mkononi (sana wa kushoto), shingoni, kwenye taya, pumzi kukata, jasho la baridi, kichefuchefu. Wamama na wenye sukari wanaweza wasisikie maumivu makali, wanachoka tu ghafla na kuhema, hao msiwapuuze kabisa.

Mkalishe aegemee, asitembee wala asijiendeshe gari. Piga ambulensi, na kama kwenu haifiki haraka gongea jirani mwenye gari, bajaji pia ni usafiri. Duka la dawa msipitie. Kama anajitambua, anaweza kumeza, hana aleji ya aspirini wala vidonda vinavyovuja damu, na mdomo haujapinda wala upande wa mwili haujalegea (hiyo yaweza kuwa kiharusi), mpe aspirini miligramu 300 atafune. ATAFUNE, asimeze nzima.

Nendeni hospitali ya karibu yenye ECG, kile kipimo cha umeme wa moyo. Mkifika msikae foleni kimya, mwambieni nesi kifua kinambana tunaomba ECG sasa hivi, hicho kipimo kinatakiwa ndani ya dakika 10. Dar kuna Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete pale Muhimbili, wanazibua mishipa, lakini ukiwa mbali anzia karibu, maana mshipa ukiziba nyama ya moyo inakufa kadiri dakika zinavyoenda, na dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda inasaidia zaidi masaa ya mwanzo, yakipita 12 kwa kawaida haitolewi tena.

Akianguka, haitikii na hapumui sawasawa (kule kukoroma kwa kushtukashtuka sio kupumua), mlaze chali sakafuni, viganja katikati ya kifua, kandamiza kwa nguvu kifua kishuke kama sentimita 5, mara 100 mpaka 120 kwa dakika, ukichoka mwenzio apokee, msiache mpaka msaada ufike.

Na leo kabla hujalala muulize jirani mwenye gari kama unaweza kumgongea hata saa nane usiku. Aspirini ya kwetu sasa iko juu ya friji, wakubwa wote ndani tunapajua.