Pesa za viza ya masomo zikae siku 28 bila kuguswa
Unapoomba viza ya masomo ya Uingereza ukiwa Nairobi, weka kiasi chote kinachotakiwa, pamoja na ziada kidogo, katika akaunti ya akiba isiyounganishwa na M-Pesa, kisha usiiguse kwa siku 28 mfululizo. Kinachopimwa ni salio la chini kabisa katika siku hizo, na shilingi hubadilishwa kuwa pauni kwa kiwango cha siku ya maombi. Ndiyo sababu ya ile ziada. Siku ya mwisho ya taarifa ya benki isizidi siku 31 kabla ya kuomba. Mbinu hii hugonga mwamba akaunti ikiwa ya mjomba, hata awe mkarimu namna gani, kwa kuwa miongoni mwa jamaa hukubaliwa mzazi, mlezi wa kisheria au mwenzi pekee.