Ukitaka kupima masi ya Z, anza na nishati ya miale

Bosoni Z, moja ya chembe zinazobeba nguvu dhaifu ya nyuklia, huwezi kuikamata ukaiweka kwenye mzani, ikizaliwa tu imeshakufa. Unachofanya ni kugonganisha miale ya elektroni na ya positroni (pacha wa elektroni mwenye chaji chanya) kwa nishati tofauti tofauti, halafu unahesabu kila nishati zimetoka Z ngapi, kama walivyofanya CERN, kituo cha Ulaya cha fizikia ya chembe, kwenye mashine yao ya LEP, duara la karibu kilomita 27 chini ya ardhi mpakani mwa Uswisi na Ufaransa.

Ukichora grafu ya hesabu hiyo kwa kila nishati unapata kama mlima, ila usikae kileleni tu. Kilele kiko karibu na GeV 91.2 (GeV ni kipimo cha nishati, na cha masi ya chembe pia; GeV 1 ni MeV 1000) ila pale juu grafu iko flati, ukisogeza nishati kidogo hesabu haistuki, ndo maana 1993 na 1995 walikusanya data pia kama GeV 1.8 chini ya kilele na 1.8 juu yake, huko kwenye mteremko ndo masi inajionyesha.

Idadi ya matukio gawa kwa luminositi, yaani kipimo cha miale imekutana kwa wingi kiasi gani, ambayo unaipata kwa kuhesabu elektroni na positroni zilizochepuka kidogo tu karibu na bomba la miale, mchakato ambao nadharia yake inajulikana vizuri.

Sasa nishati, hapa ndo watu wanalia. Spini za elektroni (kila elektroni ni kama kisumaku kidogo) zikizunguka kwenye duara zinajipanga zenyewe taratibu, wewe unazitikisa kwa sumaku ya masafa fulani, ukigusa masafa yenyewe mpangilio unavurugika na hapo umeshajua nishati ya mwale kwa kosa chini ya MeV 1. Shida kipimo hiki hakifanyiki wakati wa kugonganisha, kwa hiyo katikati lazima ufuatilie kila kinachosogeza mashine: mwezi unavuta ardhi, duara linabadilika kama milimita 1 na nishati inayumba, halafu kuna treni za umeme, mkondo unavuja toka relini unapita kwenye bomba la miale na kuchezea sumaku. Walipima volteji relini na kwenye bomba kwa wakati mmoja, grafu zikapanda na kushuka pamoja, usiku treni zikilala na zenyewe zinatulia!

Kwenye kufiti, yaani kulinganisha grafu ya nadharia na data, usisahau fotoni zinazotoka kabla ya mgongano, zinasogeza kilele karibu MeV 100, na kosa la mwisho la LEP lilikuwa MeV 2.1 tu (masi 91.1875 GeV). Na ukiunganisha matokeo ya ALEPH, DELPHI, L3 na OPAL, majaribio manne ya LEP, usiyachukulie kama hayahusiani, maana kosa la nishati ya mashine, kama MeV 1.7, wote wanne wanalo lile lile.