Umemzimia mfanyakazi mwenzako na una ndoa: la kufanya

Kumzimia mtu si kuchepuka. Hisia huja bila kubisha hodi, ila huishi kwa kulishwa, na kwa watu wa maofisini chakula chake hupitia simu na lifti ya gari.

Anza na simu. Fungua WhatsApp, rudi nyuma mwezi mzima wa mazungumzo yenu, usisome maneno, tazama saa. Ujumbe wa saa tano asubuhi kuhusu ripoti ni kazi. "Umefika salama?" ya saa nne usiku si kazi, hata kama haina neno baya. Na kama umemsevu kwa jina la "Fundi AC", huhitaji ushahidi mwingine. Rudisha jina lake halisi, zima status zake zisikufikie, mambo ya kazi yahamie kwenye grupu. Akiandika usiku, mjibu kesho yake saa mbili, sentensi moja. Usimbloki ghafla: atauliza kulikoni, na kujieleza huko ndiyo mazungumzo unayoyakimbia.

Lifti ni mbaya kuliko inavyoonekana. Posta hadi Mbezi, Dar es Salaam, kwenye foleni ya jioni ni zaidi ya saa nzima, vioo juu, wawili tu. Humo ndimo "mume wangu siku hizi..." inamoanzia. Lalamiko likishapata msikilizaji wa nje, nyumbani halisemwi tena, na mwenzi wako anashindanishwa na mtu ambaye hujawahi kumwona akikoroma wala akidaiwa ada. Chukueni abiria wa tatu, au panda daladala.

Usijikataze kumfikiria. Mwaka 1987 mwanasaikolojia wa Marekani, Daniel Wegner, aliwaambia watu wasimfikirie dubu mweupe kwa dakika 5, na wapige kengele kila akiwajia. Kengele zililia. Waliporuhusiwa kumfikiria, walimfikiria kuliko wenzao ambao hawakukatazwa mwanzoni. Akikujia kichwani, sema "haya, kaja tena", uendelee na unachofanya.

Kosa linaloharibu kabisa ni kumwambia mwenyewe "ili nitue mzigo". Hapo mnakuwa na siri ya watu wawili. Mwambie somo wako, shehe, mchungaji au mshauri nasaha, kamwe si mtu wa ofisini. Mwenzi wako si lazima umtajie jina kama hakuna kilichotendeka. Mkiwa mmeshaandikiana ya mapenzi, ayasikie kwako kabla hajayakuta kwenye simu. (Yakifika kitandani, Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya 1971 inamruhusu kumdai huyo wa nje fidia ya ugoni.)

Miezi mitatu ikipita na bado unavaa kwa ajili yake, omba kuhama idara au zamu. Bosi akiuliza sababu, "nataka kujifunza kazi nyingine" inatosha.