Kabla ya kufungua sura ya nguvu katika fizikia

Wanafunzi wengi hapa Bukavu huianza sura ya nguvu kwa kukariri P = W/t, yaani nguvu (kwa wati) ni kazi gawanya kwa muda (kwa sekunde). Kanuni yenyewe haina ugumu. Kinachowaangusha ni mambo yanayotangulia, na hayo yafaa kuwekwa sawa mapema.

La kwanza ni kazi. Kazi ni kani (msukumo au mvuto, kwa nyutoni) mara umbali unaopitwa kuelekea upande wa kani hiyo, na hupimwa kwa jouli. Chukua bidoni ya lita 20 inayopandishwa kutoka bombani hadi nyumba ya mlimani Kadutu, mita 30 juu. Kinachohesabiwa ni kimo, wala si urefu wa njia. Uzito wa maji ni kama nyutoni 200, hivyo kazi ya kuyapandisha ni jouli 6000, upite kwenye ngazi au uzunguke barabarani. Kijana akifika kwa dakika 5, yaani sekunde 300, nguvu aliyoyapandishia maji ni wati 20. Mdogo wake akitumia dakika 10, ni wati 10, ingawa maji yamefika palepale na kazi ni ileile. Ukilielewa hilo, nusu ya sura umeimaliza. Lakini mwili wa mbebaji je? Akiwa na kilo 50 ameupandisha nao, jouli 15 000 zaidi, na nguvu ya yule wa kwanza inafika wati 70. Mtego huu walimu wanaupenda, kwa hiyo soma vizuri swali linauliza ipi.

Vipimo navyo vigeuze kabla ya kugusa kalkuleta: dakika ziwe sekunde, gramu ziwe kilo. Kilomita kwa saa gawanya kwa 3,6 upate mita kwa sekunde, maana gari likienda kwa kasi isiyobadilika, nguvu ya injini inayolisukuma ni kani mara kasi.

Kisha tenganisha kilowati na kilowati-saa. Pasi ya wati 1000 ikiwaka saa nzima inakula kilowati-saa moja, yaani jouli milioni 3,6. Balbu ya wati 10 itahitaji saa 100 kufikia hapo. Mita ya nyumbani inahesabu nishati hiyo.

Ndiyo maana mtu akikuambia mtambo wa umeme wa maji wa Ruzizi II, ulioanza kazi 1989, unatoa karibu megawati 44 "kwa siku", muulize hiyo siku imetoka wapi. Wati tayari ni jouli kwa kila sekunde. Ukitaka zoezi la mtoni, kumbuka kwamba meta ya ujazo moja ya maji kwa sekunde ikianguka mita moja hubeba takriban kilowati 10. Zidisha kwa kiasi cha maji na kwa kimo cha maporomoko, halafu punguza kinachopotea kwenye mabomba, turbini na jenereta.